Mzee Akikosekana Barazani

Baada ya sala ya alasiri, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hubadilika sauti. Wanafunzi wamesharudi nyumbani, wauza duka wametoka kuvuta hewa, na kwenye njiapanda wazee wanaanza kutokeza mmoja mmoja, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi kwa anayeihitaji. Pale Jaws Corner, mahali palipopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, birika limeshakaa juu ya makaa. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata. Kila anayefika hutoa salamu kwa wote, kisha watu husogea apate nafasi yake. Nasema nafasi yake kwa sababu kila mzee anayo: huyu karibu na redio, yule upande wa kivuli, na yule ambaye sikio lake la kushoto limechoka hukalishwa mahali ambapo maneno yatamfikia upande wa kulia.

Hakuna anayeandika mahudhurio. Lakini mmoja asipotokea, kabla kikombe cha pili hakijajazwa utasikia: “Mbona fulani simwoni leo?” Mwenzake atajibu kwamba ana homa, au amekwenda shamba kwa bintiye. Ikiwa hakuna mwenye habari, kijana atatumwa akapige hodi.

Hodi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Tukizungumzia matunzo ya wazee hutaja chakula, dawa na fedha, na vyote hivyo ni haki yao. Kuulizwa hatukutaji. Mzee ambaye akikosekana leo hakuna atakayejua mpaka kesho kutwa yuko peke yake, hata kama nyumba imejaa wajukuu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili Juni 2025. Linakadiria kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka. Wataalamu wanauhusisha na kiharusi, maradhi ya moyo, sonona na kupungua kwa uwezo wa akili. Mwenyekiti mwenza wa tume iliyoandaa ripoti hiyo alikuwa Chido Mpemba wa Zimbabwe, kwa hiyo anayedhani upweke ni maradhi ya Wazungu peke yao aiweke dhana hiyo kando.

Sisi wa pwani tulikuwa na kinga, na ilijengwa kwa mawe na chokaa. Mabaraza ya Mji Mkongwe yameshikana na kuta za nyumba zenyewe, kwa hiyo mwenye nyumba alipojenga makazi yake alijenga na mahali pa jirani kukaa. Mvua kubwa ikishuka na maji yakajaa njiani, watu hupita juu yake. Mchana muuza matunda hupanga embe hapo, jioni wenyewe wanaketi. UNESCO ilipouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, watu wengi walitazama milango ya nakshi. Milango inastahili kutazamwa, lakini kwa mzee anayeishi ndani baraza lina faida zaidi: anatoka hatua mbili tu, tayari yuko na watu.

Na barazani hakukaliwi bure. Pana bao, mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 ambazo mara nyingi ni komwe. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 22 mkononi, huzinamua, yaani huziingiza mchezoni, moja moja, hula akiweza, hutakata asipoweza kula, huku jicho moja likilinda nyumba, shimo lake kuu. Zikimalizika mkononi ndipo mtaji unapoanza, na hapo mzoefu huhesabu kichwani kete zake zitakapolalia kabla hajazigusa. Mkono unaweza kutetemeka, hesabu ikabaki sawa. Mtazame mzee anayezifuata kete kwa macho tu wakati wa zamu ya mwenzake, midomo ikicheza bila sauti, kisha anatikisa kichwa kwa sababu ameshaona kosa ambalo mwenzake bado hajalifanya. Waliosimama nyuma hupiga kelele, hutoa ushauri ambao hawakuombwa, na kijana aliyezoea kushinda kwenye simu hufungwa na mtu wa umri wa babu yake. Sijui dawa ya hospitali inayompa mzee heshima ya namna hiyo kwa jioni moja.

Hata hivyo baraza linaweza kuumia, na letu liliumia. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, na zaidi baada ya uchaguzi wa 1995, visiwa vilikatika vipande viwili. Maskani za chama tawala, CCM, zikawa zao, za wapinzani wa CUF zikawa zao, na Pemba hasa wapo waliosusiana mpaka maziko na harusi. Kijana aliyekosana na wenzake alikuwa na umri wa kupata wengine. Mtu wa miaka sabini aliyewapoteza nusu ya aliokua nao hakuwa na pa kuwapata wa kuwaziba. Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na kura ya maoni iliyofuata Julai 2010, yameandikwa sana kwa ajili ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa wazee wengi maana yake ilikuwa kupita mbele ya baraza fulani, kutoa salamu, na kuitikiwa.

Siku hizi kinachoniogopesha zaidi ni matofali. Angalia nyumba mpya zinazopanda pembezoni mwa mji: ukuta mrefu, geti la chuma, na nje hakuna hata jiwe la kukalia. Mwenye nyumba anatafuta usalama, na simlaumu kwa hilo. Lakini baba yake aliyehamishiwa humo kutoka mtaa wa zamani anaamka asubuhi akaona ukuta, na jioni akaona ukuta ule ule. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yalitufunza somo hilo mapema. Watu walipata umeme na maji ya bomba, ila anayekaa ghorofa za juu akishaumwa magoti, ngazi zinakuwa mlango uliofungwa. Wakaazi wenyewe walitafuta njia yao ya kukutana chini, kwa viti na mabenchi.

Nimezungumza sana habari za wanaume, na hilo lazima lisemwe wazi: baraza la njiani ni lao. Mwanamke wa Kiswahili hakai njiapanda akanywa kahawa. Ushirika wake anaupata kwa kwenda. Anakwenda kwenye maulidi na khitma, kumtazama mzazi, kuhani, kwenye harusi ya siku nne, kwenye darsa, kwenye upatu wa kila wiki. Ushirika wa namna hii ni mkubwa kuliko wa baraza, unavuka mitaa na koo, lakini unataka miguu. Na miguu ndiyo inayotangulia kuondoka.

Hapo mambo hutokea polepole, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya. Kwanza ngazi ya daladala inamshinda. Kisha anakosa shughuli moja, ya pili, na sare ya shughuli ya tatu haimfikii. Kisha watu wanaanza kuambiana: “Bi mkubwa tusimsumbue, apumzike.” Tunamfuta kwa huruma. Siku moja yuko ukumbini kwake anasikia vigelegele nyumba ya tatu, na anatambua kwamba pana shughuli ambayo hakuletewa hata habari yake.

Hakuna jambo katika makala haya linaloniuma kama hilo, kwa sababu bi kizee huyo shughulini hakuwa mgeni wa kutazama. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na ungo mapajani akichagua mchele wa pilau, vidole vikitoa chuya na mawe bila macho kutazama, huku mdomo ukieleza nani ni nani: huyu bwana harusi nyanya yake na nyanya yako walinyonya ziwa moja, yule aliyevaa buibui mlangoni ni mtu wetu wa Makunduchi, nenda kamwamkie. Watoto wanaojua jamaa zao wamewajua kwa mdomo wa mtu kama huyo. Kuchagua mchele hakuhitaji magoti. Kunahitaji kiti na mtu wa kumfuata.

Mwimbaji Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, alifariki dunia Aprili 17, 2013 akiaminika kuwa amevuka miaka mia. Dunia ilimfahamu jukwaani, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Nyumbani alikuwa pia fundi wa unyago. Wasichana na mama zao walimwendea kwa kuwa alikuwa na kitu walichokihitaji, na alikuwa akipiga ngoma hadi uzeeni kabisa. Si kila bibi ana sauti ya Bi Kidude, lakini kila bibi ana jambo analolijua kuliko waliomzunguka, iwe dawa ya mchango kwa mtoto, kushona kofia au kupanga nasaba. Kumwendea kwa ajili ya jambo hilo ni kumtembelea kuliko bora, maana hakaliwi naye kwa kuonewa imani.

Serikali imefanya sehemu yake, na inastahili kushukuriwa. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wapo wanaozihesabu fedha hizo kwa kilo za mchele tu. Mimi nazihesabu pia kwa mchango wa msiba, kwa fungu la upatu, kwa kikombe cha kahawa ambacho mzee anaweza kumnunulia mwenzake. Mtu asiye na cha kutoa huanza kujitenga mwenyewe kwa haya kabla hajatengwa. Tena siku ya malipo kituoni ilikuwa ni siku ya kukutana: waliosoma pamoja, waliochuma karafuu pamoja, wakiulizana nani bado yu hai. Hata malipo yote yakihamia kwenye simu, masheha, viongozi wa mitaa, wailinde siku hiyo. Sheha anayo orodha ya wazee wake na anajua nyumba zao. Kuwaita mara moja kwa mwezi chini ya mwembe, pamoja na daktari wa kupima presha, hakuhitaji wafadhili.

Zimbabwe imetuonesha upande mwingine wa benchi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare na bibi 14, akawafunza kuwasikiliza watu walioelemewa na mawazo. Wakakaa nao kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wakizungumza kwa lugha ya nyumbani. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Bibi wale hawakupelekewa mtu wa kuwaliwaza. Walipewa kazi ya kuliwaza, wakawa na mahali pa kwenda asubuhi na watu wanaowangoja.

Najua wengi wanaosoma hapa wako mbali na wazee wao. Mtoto yuko Muscat, mwingine London au Toronto, na kila Ijumaa simu ya video inapigwa, bibi anaoneshwa kitukuu, kila mtu anacheka. Endeleeni, msiache. Lakini aliyeko London hawezi kujua kwamba leo mlango wa mama yake haujafunguliwa mpaka saa nne asubuhi. Jirani anajua. Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani, piga na kwa jirani. Mshukuru, mjue jina lake na la wanawe, na ukituma zawadi mtumie na yeye.

Na wewe uliyepo mtaani, unayejenga, acha baraza nje ya ukuta wako, hata la matofali mawili marefu. Unayesimamia nyumba za kisasa za ghorofa, weka wazee chini. Na kama kuna shughuli kwenu wiki hii, mpelekee mwaliko bi mkubwa ambaye hamjamwona tangu mwaka jana. Usimuulize kama ataweza kuja. Mwambie nani atamfuata na saa ngapi, na umtayarishie kiti, kwa kuwa jamvini hawezi tena kuinuka.