Umeme Tuli na Kompyuta Inayozima Ghafla: Utangulizi

Kompyuta ikizima ghafla, lawama hubebeshwa virusi, kisha joto, kisha programu. Umeme tuli hukumbukwa mwisho, baada ya kila kitu kufutwa na kupakiwa upya bila nafuu. Mimi nakuomba uanze na mtu aliyeketi mbele ya mashine: alikuwa akifanya nini ilipozima? Aliinuka kitini? Alichomeka flashi?

Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Mtu anayetembea juu ya zulia la nailoni kwa viatu vya soli ya plastiki hujikusanyia chaji kwa namna hiyohiyo. Hewa yenye unyevu huisaidia chaji hiyo kuvuja taratibu, ndiyo maana fundi wa Tanga huliona tatizo hili kwa nadra kuliko mwenzake wa Toronto, ambako majira ya baridi vyumba hupashwa joto na hewa ya ndani hukauka sana. Kwa kawaida hatuhisi cheche mpaka ifike volti 3,000 hivi. Vipo vipuri vya kompyuta vinavyoharibiwa na volti zisizofika 100. Hapo ndipo penye ugumu wote wa kazi yetu, kwa kuwa mkono unaweza kuua kipuri na mwenye mkono asihisi lolote.

Cheche nyingine huvuruga tu: mashine inaganda, unaiwasha upya, inarudi salama. Hiyo unaweza kuinasa kwa kurudia tendo lilelile huku ukiangalia hali ya hewa chumbani. Nyingine hudhoofisha kipuri kikaendelea kufanya kazi kwa wiki au miezi kabla ya kufa, na wakati huo hakuna anayekumbuka siku kasha lilipofunguliwa.

Jambo moja huwachanganya wanafunzi wengi. Ukipitisha kidole juu ya laptopu yenye kasha la metali iliyo kwenye chaji ukahisi mtekenyo usiokoma, huo si umeme tuli. Ni mkondo mdogo unaovuja kupitia chaja isiyounganishwa na ardhi. Chomoa chaja, mtekenyo utakoma. Umeme tuli hupiga mara moja ukaisha.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kagua soketi kwanza, maana zipo zenye matundu matatu ambazo waya wake wa ardhi haufiki popote. Ukifungua kasha, chomoa waya wa umeme, shika vipuri kwa kingo zake, na uvae bangili ya fundi iliyofungwa kwenye ardhi kwa waya wenye rezista ya megaomu 1. Rezista hiyo inakulinda wewe: ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya, mkondo utakaopita humo haufiki hata robo ya miliampia. Bangili zinazouzwa bila waya hazifanyi kazi. Usizinunue.