Ukili wa Mama Haukuwa Mchezo

Nilipokuwa mwanafunzi nililetewa karatasi ya shule niijaze. Palikuwa na nafasi ya jina langu, jina la baba na kazi ya baba; kisha jina la mama na kazi ya mama. Ya baba niliijua, nikaiandika mbio mbio. Nilipofika kwa mama, nikaandika: "Hana kazi."

Mama alikuwa ameketi uani juu ya jamvi, miguu ameinyosha, anasuka ukili. Aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Hakukasirika. Alisema tu, "Haya mwanangu, umekwisha andika. Lakini hivyo viatu ulivyovaa vimenunuliwa na hiyo kazi nisiyokuwa nayo."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, zimesaidiwa na ukili kusimama, na hata hivyo ukiuliza kazi ya mama mwenye nyumba utaambiwa, "Ah, yuko nyumbani tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MIYAA NA UKINDU

Kwa kijana aliyekulia juu ya zulia na makochi, yafaa tueleze kwanza. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani makavu ya miti ya jamii ya mitende. Hapa kwetu majani hayo ni ya namna mbili. Kuna miyaa, ambayo hutokana na mkoma, mti ule ambao matunda yake, makoma, watoto huyaguguna njiani. Mikoma huota sana katika nyika za Kilifi, Tana River na Kwale. Kisha kuna ukindu, unaotokana na mkindu, mti upendao mahali penye majimaji. Ukindu ni laini zaidi na aghalabu ndio hutakiwa kwa mkeka wa heshima. Miyaa ni migumu na hustahimili, nayo hufaa sana kwa vikapu na majamvi.

Yanayokatwa ni makuti machanga ambayo bado hayajafunguka, kwa sababu jani likishakomaa huwa gumu na halikubali kukunjwa. Huanikwa juani hata yakageuka meupe. Baadaye huchanwa, jani moja likatoa nyuzi nyembamba zilizo sawa kwa upana. Zile za kutiwa nakshi huchemshwa katika sufuria ya rangi: nyekundu, kijani au zambarau. Kabla ya kusuka hunyunyizwa maji kidogo ili zilainike, kwani mwaa mkavu hukatika, na kabla haujakatika hukukata wewe kidole.

Hapo ndipo huanza kazi yenyewe. Mtu akimtazama msukaji kwa mbali hudhani vidole vinakwenda ovyo, kumbe kila kimoja kina zamu yake. Huu unapita juu, ule unapita chini, huu unakunjwa ukingoni na kurudi. Akikosea kuhesabu, nakshi hupinda, na hapana dawa ila kufumua. Mwaa ukiisha, mwingine huchomekwa pasionekane kiungo.

Tupige hesabu kidogo, ewe msomaji. Chukua mkeka wa kadiri, wa urefu wa futi 6 na upana wa futi 4. Ikiwa ukili una upana wa inchi 2, mkeka huo unataka mistari 24 ya ukili, na kila mstari ni futi 6. Kipimo cha mabibi zetu kilikuwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa huku na huku, takriban futi 6. Basi mkeka mmoja ni pima 24 za ukili, ama futi 144, kabla sindano haijaguswa. Na kushona nako ni kazi mbali: ukili huunganishwa ukingo kwa ukingo, nakshi zikutane zisipishane, kisha pembezoni hupigwa pindo. Mtu aliyefanya yote hayo kwa vidole vyake kumi, nasi tukasema hana kazi!

KAZI ISIYO NA SAA

Sasa hesabu hiyo iweke ndani ya siku ya mama mwenye nyumba. Anaamka kabla ya alfajiri. Akisha kuswali, anashughulika na chai na mahamri, watoto waende chuoni na skuli. Kuna kufagia, kuna kufua, kuna sokoni. Nazi inangojea kukunwa, samaki anangojea kuparwa, na wali hauwezi kujipika wenyewe. Akitoka adhuhuri, kuna vyombo. Ni baada ya swala ya alasiri ndipo hupata kuketi, na hapo haketi mikono mitupu.

Ukili una wema wake mmoja mkubwa: hauna haraka na haununi. Mtoto akilia, unawekwa chini. Chungu kikichemka, unawekwa chini. Mgeni akibisha hodi, unasogezwa kando, naye mgeni, akiwa mwanamke wa mtaani, huchomoa ukili wake mwenyewe kutoka kikapuni wakaendelea pamoja. Siku haiwezi kupita bila dhiraa moja au mbili kupatikana, na haba na haba hujaza kibaba.

Ukumbi wa ukili ulikuwa pia skuli. Mimi nilisomea pale. Mama alinitaka nimsomee sura niliyopewa na mwalimu chuoni, naye anasuka. Kila nilipoteleza, vidole vyake vilisimama. Hakusema neno, alingoja. Nikirudia nikapata, vidole vilianza tena. Wasichana nao walijifunza hapo hapo, bila kuitwa darasani. Mtoto alianza kwa kuchana miyaa, akapewa vipande vilivyobaki asukie mkeka wa mwanasesere, na kabla hajabaleghe alikuwa keshajua kumaliza upepeo.

Na vilivyotoka mikononi mwa kina mama hao ndivyo vilivyoipamba nyumba. Mkeka wa chumbani wenye rangi. Jamvi la kukalia watu wengi. Msala wa kuswalia. Kawa ya kufunikia chakula, iliyochongoka juu na kutiwa nakshi, inayomfanya mgeni atamani kabla hajaona kilichomo. Kikapu cha sokoni, upepeo wa jikoni, kitanga cha kuanikia. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mkeka ndio hutandikwa futari ikaliwa pamoja. Pakiwa na maulidi, majamvi hukusanywa nyumba kwa nyumba. Msiba ukitokea, kitu cha kwanza jirani kuleta ni jamvi, kabla hata ya mchele, ili waliofiwa na wanaokuja kuwapa pole wapate pa kukaa.

PESA ZA UKILI NI ZA NANI?

Hili ni jambo ambalo waume wengine hawapendi litajwe, lakini tulitaje kwa heshima. Mume, kwa sheria yetu ya Kiislamu, ndiye mwenye jukumu la kumlisha mkewe, kumvika na kumpa makao. Ama alichochuma mke kwa jasho lake ni mali yake. Qurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mke akitoa chake nyumbani, huo ni ukarimu wake, na unastahili shukrani.

Wala kazi ya mikono haikuwa aibu katika nyumba zilizo bora kuliko zetu. Bibi Zainab binti Jahshi, mmoja wa wake za Mtume Muhammad (S.A.W.), alijulikana kwa ustadi wa mikono. Alitengeneza ngozi na kushona, na alichopata alikitoa sadaka kwa maskini. Imepokewa kwamba Mtume aliwaambia wake zake kuwa wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe. Wao wakawa wanapimana mikono. Bibi Zainab alipofariki wa kwanza, mwaka wa 20 wa Hijria, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Mkono uliofanya kazi ndio uliokuwa na cha kutoa.

Mamangu hakuwa na daftari la benki. Pesa zake za ukili alizifunga katika pembe ya leso, nyingine akazitia katika upatu wa wanawake wa mtaani. Zamu yake ilipofika, ndipo tulipoona sare mpya, ama dirisha lililovunjika likatengenezwa. Baba alikuwa mtu mwema na hakuacha jukumu lake, lakini kazi yake ilikuwa ya msimu. Msimu ukiharibika, tuliendelea kula, na wala hatukuuliza chakula kimetoka wapi. Watoto hawaulizi.

MGENI ALIYEITWA PLASTIKI

Kisha ukaja mkeka wa plastiki. Tusiutukane bure, maana una sifa zake. Ni rahisi, unamwagiwa maji ukafutwa, na rangi zake zinang'ara. Mama aliye na watoto sita na hana wa kumsaidia hawezi kulaumiwa kwa kuununua. Lakini palipoingia mkeka mmoja wa plastiki, mkeka mmoja wa ukili ulikosa mnunuzi, na kidogo kidogo yule aliyekuwa akiusuka alitua mikono. Binti yake naye hakuona sababu ya kujifunza kitu kisichouzika.

Hasara ya plastiki hutokea nyuma. Ukiulalia usiku wa kaskazi, mgongo unalowa jasho, hali ukindu unapitisha hewa. Ukipasuka, haushoneki. Ukitupwa, unabaki kama ulivyo, ukienda na maji mpaka pwani kwenye mikoko. Mkeka wa ukili ukichakaa huoza ukarudi kuwa udongo uliouzaa.

Nchi nzima ilikumbushwa jambo hili tarehe 28 Agosti, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ghafla watu waliulizana watatia wapi vitunguu na samaki, kama kwamba bibi zao hawakuwahi kwenda sokoni. Kikapu cha miyaa kikakumbukwa. Lakini kukumbuka kikapu si kumkumbuka mwenye kukisuka. Mara nyingi mchuuzi hukinunua kwa bei ya kutupa, kisha kikapambwa kwa ngozi na vifungo na kuuzwa kwa wageni kwa pesa nyingi. Aliyekaa kitako nacho siku kadhaa hupata kilicho haba kuliko wote. Haki ya mfanya kazi haipotei kwa sababu kazi yake imefanywa ukumbini.

FUMUA

Miaka michache iliyopita mama alipatwa na mtoto wa jicho, na macho yake hayakurudi kuwa kama zamani. Nilipokuwa nikipanga chumba chake, nilifungua sanduku nikakuta mizinga mitatu ya ukili, imeviringwa na kufungwa kwa mwaa. Ulikuwa wa ukindu, wenye nakshi nyekundu. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema ulikuwa mkeka wa harusi ya mjukuu wake, aliuacha wakati macho yalipoanza kuingia ukungu. "Nilidhani mtaniuliza," akasema. Hatukumuuliza. Tulikuwa tumekwisha nunua zulia.

Nilijifunga nguo nikasema nitaushona mimi. Alicheka, lakini alinionyesha kwa kupapasa pa kuanzia. Nilishona mstari wa kwanza kwa siku mbili, nikaona fahari, nikampelekea. Akapitisha kidole juu yake taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Macho hayaoni, lakini kidole kikasimama mahali fulani katikati. "Hapa umevuta sana," akasema. "Fumua."

Nilifumua. Nilifumua mara tatu. Kila mara kidole chake kilisimama, kama vile vidole vyake vilivyokuwa vikisimama nilipokosea sura. Mara ya nne kilipita moja kwa moja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Endelea."

Mkeka huo ulikwisha. Si mzuri kama angaliushona mwenyewe, na mwenye kujua ataona mahali pa mwanafunzi na mahali pa fundi. Lakini mjukuu aliutandika siku ya harusi yake juu ya lile zulia, na wanawake wazee walipoingia, walikwenda kuketi juu yake bila ya kuambiwa.

Wengi wetu bado tuna mama, shangazi au bibi aliye na ujuzi vidoleni. Wengine ni ukili, wengine ni kofia za kudarizi, wengine ni kushona na kupamba. Wanangoja kuulizwa. Tuketi nao alasiri moja, tushike mwaa, tukosee, tufumue. Tukinunua kikapu, tumnunulie aliyekisuka mwenyewe na tusimkate bei mpaka akaona haya. Na watoto wetu wakiletewa karatasi za shule wajaze, tusimame nyuma yao tuangalie wanaandika nini penye kazi ya mama.

Mimi ningepata ile karatasi yangu ya zamani, ningeifuta lile jibu, niandike kwa herufi kubwa: FUNDI WA UKILI.