Kampuni changa na fedha za Kariakoo: mkopo si mbegu

KUTOKA Fire, Upanga, hadi Soko la Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu. Upande mmoja yapo makao makuu ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Upande wa pili ndipo fedha taslimu zinapozunguka kila siku kuliko mahali pengine popote nchini. Hata hivyo, kijana mwenye kampuni changa ya programu za kompyuta anaweza kuzunguka pande zote mbili kwa mwaka mzima bila kupata mtaji wa kuanzia.

Sababu si uhaba wa fedha. Sababu ni kwamba karibu kila fedha anayoonyeshwa ni mkopo. Mfuko wa NEDF, ulioanzishwa mwaka 1994 na kusimamiwa na SIDO, unakopesha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mkopo pia, ingawa hauna riba. Benki inataka hati ya nyumba. Na Kariakoo yenyewe ina mali kauli: mwenye duka la jumla anampa anayemfahamu mzigo kwa neno tu, naye hulipa akishauza.

Mali kauli imejenga matajiri wengi, kwa kuwa mzigo unaonekana na unaisha haraka. Kampuni ya programu haina mzigo. Ina kazi ya miezi mingi kabla ya mteja wa kwanza kulipa.

Riba kabla ya mauzo

Tuchukue mfano. Kijana anatengeneza programu ya kuhesabu bidhaa dukani na anahitaji Sh. milioni 10. Akikopa mtaani kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, anadaiwa Sh. 300,000 kuanzia mwezi wa kwanza. Ikiwa mauzo yataanza baada ya miezi minane, riba peke yake itakuwa imekula Sh. milioni 2.4, karibu robo ya mtaji, kabla programu haijauzwa hata duka moja.

Sasa wafanyabiashara kumi watoe Sh. milioni moja kila mmoja, wakubaliane na mwanzilishi kuwa kampuni yake ina thamani ya Sh. milioni 40 kabla ya fedha yao. Baada ya fedha kuingia thamani ni Sh. milioni 50, nao wanamiliki asilimia 20, yaani asilimia 2 kila mmoja. Hakuna riba. Kampuni ikifa, fedha imekufa. Ikikua, nao wanakua. Huo ndio mtaji wa mbegu.

Wageni wameshaona faida hiyo. NALA, kampuni ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipokelewa mwaka 2019 na Y Combinator ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa ikitoa dola 150,000 kwa kampuni na kuchukua hisa asilimia 7. Mwaka 2022 NALA ilipata dola milioni 10 za wawekezaji, na mwaka 2024 dola milioni 40. Lakini wengi hawafiki huko. Fedha kubwa za aina hii barani Afrika huelekea zaidi Nairobi, Lagos, Cairo na Afrika Kusini. Kampuni ya Dar es Salaam, achilia mbali ya Mbeya au Mwanza, husubiri kwanza fedha ya nyumbani.

Fedha yenye subira si jambo geni Upanga. Ukumbi wa Diamond Jubilee unabeba jina la sherehe ya mwaka 1946, pale Aga Khan wa Tatu alipopimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam. Michango ya waumini iliingizwa katika Diamond Jubilee Investment Trust, iliyokopesha vyama vya ushirika na wenye biashara ndogo kwa masharti nafuu. Chombo hicho ndicho chimbuko la benki ya DTB ya leo. Nacho kilikopesha, ila kilijua kusubiri.

Karatasi kwanza

Anayetaka kujaribu azingatie haya:

1. Kampuni iwe imesajiliwa BRELA, na jina la mwekezaji liingizwe katika daftari la wanahisa. Ahadi ya mdomo si hisa.

2. Kampuni binafsi hairuhusiwi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, bila kuhesabu wafanyakazi, wala kutangazia umma hisa zake. Anayeuza hisa kwa matangazo ya mitaani aepukwe.

3. Mkataba wa wanahisa useme nani anaidhinisha matumizi, hesabu zinaonyeshwa lini, na nini kitatokea mwanzilishi akiondoka.

4. Mwekezaji mpya akichukua asilimia 20 kwa hisa mpya, asilimia 2 ya mwanzo inashuka hadi 1.6. Hiyo si hasara ikiwa bei ya hisa imepanda.

5. Usiweke yote sehemu moja. Sh. milioni 5 katika kampuni tano, nne zikifa na ya tano ikipanda mara kumi, zinarudi Sh. milioni 10. Ya tano ikipanda mara tatu tu, umepoteza Sh. milioni 2. Kwa hiyo usiguse fedha ya pango wala ada ya watoto.

Mlango wa kutokea

Hapa ndipo pagumu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua mwaka 2013 dirisha la kampuni zinazokua, Maendeleo Bank ikiwa ya kwanza kuingia, lakini ni kampuni chache zilizofuata. Kwa mwekezaji mdogo njia iliyo karibu ni gawio, ambalo hukatwa kodi ya asilimia 10, au kuwauzia hisa wanahisa wenzake. Njia hiyo iandikwe siku ya kwanza, wakati wote bado wanapendana.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.