Uzito wa Hewa ya Maseno

Chukua debe la lita 20 lililokwisha mafuta ya kupikia, ulioshe, utie kikombe kimoja cha maji na kuliteleka bila kifuniko. Hapa Maseno, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Mvuke ukishatoka kwa wingi dakika kadhaa, liepue, ndipo ukaze kifuniko. Kulifunga likiwa motoni ni kutengeneza bomu. Limwagie maji baridi. Pande zitabonyea kwa kishindo na bati kujikunja vibaya.

Wanafunzi husema limenyonywa. Hakuna kilichonyonya. Mvuke ulikuwa umeifukuza hewa, na ulipopoa ukarudi kuwa maji kidogo tu, ndani pakabaki karibu patupu. Nje, hewa ya Maseno husukuma kila mita mraba kwa nguvu sawa na uzito wa tani nane na nusu. Upande mmoja wa debe hubeba karibu kilo 700. Mombasa ungebeba zaidi ya 800. Mzigo huo ulikuwepo tangu debe likiwa dukani, ila ndani palikuwa na hewa ya kuurudisha.

Njia nyingine ya kubomoka ni mzigo wa nje kuongezeka. Nyambizi ndogo ya Titan ilibomokea ndani Juni 2023 ikishuka kwenye mabaki ya meli ya Titanic, yaliyo kwenye kina cha mita 3,800 baharini.

Kiwanda nacho chaweza kubomoka kama debe. Kaskazini ya Maseno, Kiwanda cha Sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa 1973, kikawa kikubwa kuliko vyote nchini. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Lawama nyingi ziliangukia sukari ya bei nafuu kutoka nje, na kweli ilibana. Lakini ilibana viwanda vyote. Mimi natazama kilichopungua ndani: wakulima waliocheleweshewa malipo waliacha kupanda au wakauza miwa kwingine, mitambo ikakosa cha kusaga, pesa za kuwalipa zikazidi kuadimika. Tofauti na debe, jambo hili lilichukua miaka, na kila msimu ukuta ulikuwa bado umesimama. Sukari ya nje haikuhitaji hata kuongezeka.