Dawati Kabla ya Mazoezi

Mtoto wa darasa la pili asiyemaliza kunakili sentensi za ubaoni huitwa mvivu kwanza. Maelezo mengine huja baadaye, kama yanakuja. Huenda miguu yake inaning'inia hewani kwa sababu benchi lilitengenezwa kwa ajili ya watoto wakubwa, na nusu ya nguvu zake inaishia katika kujizuia asiteleze. Huenda anaandikia mkono wa kushoto na amekalishwa mwisho wa kulia wa benchi, ikawa kila akisogeza penseli kiwiko chake kinagongana na cha jirani. Huenda ana mtindio mdogo wa ubongo ambao hakuna aliyeutambua, maana anatembea na anaongea kama wenzake, ila vidole ndivyo vinavyogoma. Yupo mtu aliyesomea kuyatenganisha mambo haya, naye ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi hawajawahi kumsikia, na waliomsikia humchanganya na mtaalamu wa fiziotherapia. Huyu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na mwendo wa mwili: nguvu ya misuli, kunyooka kwa viungo, kusimama na kutembea. Yule wa tiba kwa vitendo huuliza mtoto anahitaji kufanya nini leo, iwe kuandika, kunywa uji, kufunga vifungo vya sare, kwenda chooni au kucheza kombolela, kisha anatafuta kinachomzuia. Kizuizi kikiwa mwilini mwa mtoto atakishughulikia. Kikiwa kwenye benchi, nalo ni kazi yake.

Taaluma hii ilizaliwa hospitalini. Chama chake cha kwanza kiliundwa mwaka 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, na vita kuu iliyokuwa ikipiganwa wakati huo ikaipa kazi tele, kwa kuwa askari waliorudi bila mkono au wakiwa wamevurugika akili walihitaji kujifunza upya kuvaa, kula na kujipatia riziki. Kwetu nako ilipitia mlango huohuo. Kenya ilianza kuwafundisha wataalamu hawa Nairobi mwaka 1968, na Tanzania huwafundisha kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Kote huko mafunzo yameegemea hospitali, na ajira nazo vivyo hivyo. Shule ilikuja baadaye. Nchini Marekani wataalamu hawa waliingizwa shuleni kwa wingi na sheria ya mwaka 1975 iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma bila malipo, tena kwa sharti la maana: huduma yao itolewe pale inapohitajika ili mtoto anufaike na masomo. Sharti lilikuwa zuri, lakini mazoea ya hospitali yaliingia nalo. Mtoto alitolewa darasani, akapelekwa kwenye chumba chenye magodoro, mipira mikubwa na bembea, akafanyishwa mazoezi kwa nusu saa, kisha akarudishwa kwenye kiti kilekile kilichomshinda. Hoja yangu ni kwamba shuleni mtaalamu huyu anapaswa kuanza na dawati, ubao, choo na mwalimu, na kumtoa mtoto darasani kuwe hatua ya mwisho. Nchi zenye wataalamu wachache kama zetu zina sababu ya ziada ya kuishika njia hii, ila umaskini sio unaoifanya iwe sahihi.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye mwandiko, mojawapo ya sababu kubwa za watoto wa nchi za Magharibi kupelekwa kwa wataalamu hawa. Mwaka 2011 watafiti watatu wa Kanada, Monica Hoy, Mary Egan na Katya Feder, walichapisha mapitio ya tafiti za njia za kuwasaidia watoto wanaoandika kwa shida. Waligundua kwamba njia zisizokuwa na mazoezi ya kuandika kwenyewe hazikuuboresha mwandiko, na vipindi vikipungua 20 navyo havikufua dafu. Piga hesabu: mtaalamu anayefika shuleni mara moja kwa mwezi atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuvifikisha vipindi hivyo, wakati mwalimu anaye mtoto kila siku. Miaka miwili baadaye, nchini Australia, Iona Novak na wenzake walizipanga tiba za watoto wenye mtindio wa ubongo kwa rangi za taa za barabarani. Rangi ya kijani ilitolewa kwa mafunzo yanayoanza na lengo halisi la mtoto, yaani anafundishwa kile anachotaka kukifanya, mahali anapokifanyia. Tiba ya miaka mingi ya mtaalamu kumshika mtoto na kumwongoza misuli, ambayo ilikuwa fahari ya kliniki nyingi, haikupata kijani.

Ipo pia tiba ya kuoanisha hisi, iliyoasisiwa California na A. Jean Ayres, ambayo humbembeza, humsugua na humrusharusha mtoto kwa nadharia kwamba ubongo utajipanga vizuri na mengine yatafuata. Wazazi wa watoto wenye usonji huilipia fedha nyingi. Jaribio lililofanyika Wales na England kwa watoto 138 wenye usonji wa umri wa shule ya msingi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, halikuona kwamba tiba hiyo inazidi huduma za kawaida. Wastani hauwezi kukanusha kwamba mtoto fulani alifaidika, na bembea haijawahi kumdhuru mtoto anayeipenda. Lakini mzazi anayekopa ili alipie vipindi hivyo anastahili kuambiwa matokeo haya kabla hajatoa pesa. Upande wa pili wapo Wakanada wa jimbo la Ontario, chini ya Cheryl Missiuna wa Chuo Kikuu cha McMaster, waliobuni mpango ambao mtaalamu hukaa shule moja siku nzima kila wiki, ndani ya madarasa, akifanya kazi bega kwa bega na walimu. Watoto walianza kutambuliwa mapema na kusaidiwa bila kusubiri kwenye orodha ndefu za rufaa. Kanada si nchi maskini, na haikuichagua njia hiyo kwa kukosa vyumba vya mazoezi.

Je, katika shule ya msingi ya Morogoro au Kitui mtaalamu huyu angefanya nini siku ya kwanza? Angetazama watoto walivyoketi. Kuandika kunataka nyayo zikanyage kitu, nyonga na magoti yakunjike kama pembe ya mraba, na meza ilingane na viwiko. Tanzania ilipoendesha kampeni kubwa ya madawati mwaka 2016, swali lililotawala lilikuwa yamepatikana mangapi. Kimo chake hakikuwa habari ya gazetini. Kipande cha ubao chini ya miguu kinatosha kwa wengi. Wa mkono wa kushoto ahamie mwisho wa kushoto wa benchi, daftari lake lilazwe kwa mwinamo wa kinyume na wa wenzake, na yaishe yale ya kumchapa ili ageuze mkono. Ushikaji wa penseli nao umegombaniwa bure. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2012 ulilinganisha namna nne za kushika penseli kwa watoto wa darasa la nne, na hakuna iliyozidi nyingine kwa kasi wala kusomeka kwa mwandiko. Vidole vikichoka haraka, penseli inaweza kunenepeshwa kwa kuviringishiwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Anayeshindwa kunakili ubaoni apewe sentensi zile karibu na daftari lake, kwa kuwa kuinua macho, kukumbuka, kuinamisha macho na kutafuta mstari ni kazi nne ndani ya moja. Na kama somo ni hesabu, maswali matano yataonyesha kama anajua kujumlisha sawa na yatakavyoonyesha kumi.

Choo kinastahili kuzungumzwa peke yake, maana hakuna anayependa kukizungumzia. Mtoto mwenye misuli iliyokakamaa hawezi kuchuchumaa, na akilijua hilo anaacha kunywa maji tangu alfajiri. Kufikia saa sita mchana kichwa kinamuuma na macho yanafumba, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba anasinzia darasani. Fimbo imara iliyopigiliwa ukutani na kigoda kilichotobolewa katikati vinaweza kumrudisha kwenye hisabati kuliko mwezi mzima wa mazoezi. Hata viti maalumu havihitaji kontena kutoka ng'ambo. Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa maboksi ya kadibodi, karatasi zilizotumika na gundi ya unga, na ufundi huo umesambaa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ukitumika kutengeneza viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kiti kinapimwa kwa mwili wa mtoto, na akikua kinatengenezwa kingine.

Mwalimu akisoma haya atasema, na ana haki, kwamba nimemwongezea mzigo. Ana darasa ambalo watoto wanakaa hadi mlangoni, na sasa aanze kupima viwiko. Jibu ni kwamba ushauri wa mtaalamu upimwe kwa swali moja: je, kesho asubuhi mwalimu atakuwa na kazi ndogo zaidi au kubwa zaidi? Kupanga benchi fupi mbele na refu nyuma hufanywa mara moja kwa muhula. Herufi kubwa ubaoni humsaidia mwenye mtindio, asiyeona vizuri na yule aliyeketi mbali. Mtoto aliyepewa karatasi pembeni haitiwi mara sita amalizie. Ushauri unaomtaka mwalimu mmoja amwongoze mkono mtoto mmoja kwa dakika 20 huku wengine wote wakisubiri si ushauri wa shule, na mtaalamu anayeutoa hajakaa darasani vya kutosha. Ndiyo maana siku nzima ya kutazama ni bora kuliko fomu ya rufaa yenye kurasa nne.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wataalamu wenyewe, na kwa baadhi ya wazazi: kwamba njia hii ni tiba ya bei rahisi iliyovalishwa jina la elimu jumuishi, na mtoto mwenye ulemavu mkubwa atabaki na kipande cha ubao chini ya miguu wakati anahitaji mikono ya mtu aliyesoma. Hofu hiyo ina msingi. Mtoto anayenyweshwa uji akiwa ameegemezwa nyuma, huku shingo imelegea, anaweza kuuvuta kwenye mapafu. Mwalimu au mpishi wa shule hawezi kulibahatisha jambo hilo. Kiti cha magurudumu kisichopimwa humpa mtoto vidonda na huupinda mgongo, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisisitiza kwamba kutoa kiti bila kukipima hakutoshi. Viungo vinavyojikunja vinataka vifaa vya kuvinyoosha na mtu wa kuvifuatilia. Kwa watoto hao mtaalamu atafanya kazi kwa mikono yake, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Lakini muda huo atautoa wapi kama wiki yake imejaa watoto kumi na watano waliopelekwa kwake kwa sababu ya mwandiko mbaya? Kuwasaidia hao kupitia dawati na mwalimu ndiko kunakomwachia nafasi ya yule mmoja asiyeweza kumeza.

Basi inabaki fedha, na hapa nadhani tatizo limeelezwa vibaya. Husemwa kwamba wataalamu ni wachache mno kufikiria shule, nami nakubali kwamba ni wachache. Ila hata waliopo hawana njia iliyo wazi ya kuingia darasani. Kenya ina sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma hii, na tangu mwaka 1984 ina vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu. Hata hivyo walimu huajiriwa na tume ya taifa wakati hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, kwa hiyo mtaalamu wa kaunti akitumia Jumanne yake shuleni, hakuna anayejua ni nani wa kumsainia. Tanzania ingeweza kuwa na wepesi zaidi. Shule za msingi na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri moja na mkurugenzi mmoja, na yupo afisa elimu maalumu anayejua ni shule zipi zina vitengo vya watoto wenye ulemavu. Mahali ambapo mtaalamu yuko hospitali ya rufaa ya mkoa, itahitajika barua kati ya Wizara ya Afya na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, na barua za namna hiyo huandikwa kila siku kwa mambo mengine. Siku moja kwa wiki, shule tano zilizo jirani, zamu kwa zamu: hilo haliongezi mshahara hata mmoja. Linachohitaji ni mstari kwenye maelezo ya kazi ya mtaalamu unaotaja shule, na fungu dogo la nauli ya bodaboda, ambalo leo halimo kwenye bajeti ya afya wala ya elimu.