Makaa Gani Huyeyuka?
Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma asikiapo “makaa”, huona gunia la wachoma miti. Mwalimu afafanuapo kwa Kiswahili kwamba makaa huyeyushwa yakawa mafuta, kijana ana haki ya kucheka. Yanayosemwa ni makaa ya mawe, kama ya bonde la Mui, Kitui. Hayo bado yana haidrojeni. Ya miti imepotelea tanurini. Huchanganywa na tetralini, kimiminiko kinachoyapa haidrojeni zaidi kwenye nyuzi 400 hivi. Friedrich Bergius, aliyeyageuza mafuta kwa shinikizo la haidrojeni, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Lakini kwetu sukari “huyeyuka” chaini, na samli “huyeyuka” kikaangoni! Moja yataka kimiminiko, nyingine joto tu. “Mumunyika” limo kamusini. Walimu wenzangu, tulitumie kwa sukari, na kwa makaa hayo.