Programu Inayotaka Kuongea na Mtu

Zipo programu zisizo na dirisha wala kitufe cha kubofya. Unaandika amri, inakuuliza jina. Unajibu, inadai nenosiri. Unajibu tena, inataka kujua kama una hakika. Aliyewahi kutuma pesa kwa simu ya kitochi, kwa nyota na reli, anaujua mtindo huo.

Mteja anayekabidhiwa programu ya namna hii ana haki ya kujua kama inafanya kilichoagizwa. Jaribio la kupokelea kazi huitumia programu kutoka nje, kama atakavyoitumia mwenyewe, bila kuipasua matumbo. Binadamu anaweza kulifanya mara moja, hata mara tano. Lakini kila rekebisho hudai lirudiwe lote, na mtu aliyekwisha kuandika nenosiri lilelile mara arobaini ataanza kuruka hatua. Ndiyo maana kazi hii huachiwa kompyuta.

Wengi hufikiria kwanza kuyaandika majibu yote kwenye faili na kuyamimina kwa mkupuo. Baadhi ya programu hukataa katakata: passwd, ile ya kubadili nenosiri kwenye Unix, kwa desturi husoma moja kwa moja kutoka terminali, na faili lako hailitazami. Nyingine hubadilika tabia. Programu nyingi za lugha ya C, zikiona zinaandikia faili au bomba badala ya terminali, hukusanya maneno kwenye hifadhi ya muda mpaka ijae ndipo ziyatoe. Hapo kijaribio, yaani programu inayoendesha jaribio na kusoma kupitia bomba hilo, kinangoja swali, swali limelala ndani ya hifadhi, na programu inangoja jibu. Hakuna aliyekosea, na hakuna atakayesema neno.

Dawa yake ni terminali bandia, ambayo mfumo endeshi huitoa ikiwa na ncha mbili. Ncha moja programu huiona kuwa terminali halisi, yenye mtu aliyeketi mbele yake. Ya pili hushikwa na kijaribio. Mwaka 1990 Don Libes, wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alieleza chombo chake kiitwacho Expect, kilichosimama juu ya Tcl, lugha ya John Ousterhout wa Berkeley. Kiini chake ni vitenzi vitatu tu: anzisha programu, ngoja maneno fulani, tuma jibu. Juu ya Expect ikajengwa DejaGnu, inayotumika kujaribu GDB, programu ya kusakia kasoro, na wenye kupenda lugha ya Python wana Pexpect.

Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye kitenzi cha pili. Niliwahi kuandika jaribio lililolala sekunde 2 kabla ya kila jibu. Kwenye kompyuta yangu lilipita kila siku. Kwenye seva iliyoelemewa likaanguka siku moja, likapita kesho yake, na tukapoteza wiki nzima tukisaka kosa ndani ya programu isiyo na kosa. Kulala ni kubahatisha. Anayengoja maneno husonga mbele mara yanapotokea, na yasipotokea hukata tamaa kwa wakati uliowekwa. Expect, usipoiambia vingine, hungoja sekunde 10.

Hata kungoja kuna mitego. Terminali hurudisha unachoandika, kwa hiyo ukituma “ndiyo” kisha ukangoja neno “ndiyo”, unaweza kuukamata mwangwi wako mwenyewe na jaribio likafaulu bure. Ngoja maneno ambayo programu pekee ndiyo ingeweza kuyasema. Usiridhike pia na “Imekamilika” kwenye skrini: isubiri programu ifunge, kisha soma namba ya kuagia inayoacha. Kwa desturi 0 ni salama. Nimeshaona programu ikitangaza kwamba imehifadhi kila kitu, ikaaga kwa 1.